Kipande cha Ukuta Kando ya Mlango

South Beach, Durban
Tarehe 4 Mei 2025

Mume wangu mdogo Elysée,

Miaka sita hujakanyaga kwangu. Sita. Mtoto wa Colette wa ghorofa ya tatu, aliyezaliwa wiki uliyopanda ndege, sasa anavaa yunifomu ya shule. Kila nikikutana na mama yake kwenye lifti ananiuliza, "Mama Zénon, mjukuu anakuja lini?" Nimechoka kutafuta jibu. Siku hizi namwambia tu lifti imefika.

Halafu juzi, bila salamu, unatuma picha ya jiko tupu, picha ya chuma cha dukani, na swali moja: "Bibi, ukikaa kupika, kigoda chako kina urefu gani?" Hata hujauliza kama niliamka. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, hilo unalijua. Basi mimi ni mke aliyeachwa bila kuambiwa kama ameachwa. Mke mwenzangu Akimana mpe salamu. Mwambie simwonei wivu, akuchukue tu, nilikulea mimi na kukoroma kwako nakujua.

Mimi ni mzima. Jicho linaona, mdomo unajionea mwenyewe hapa. Goti la kushoto ndilo linalosumbua upepo wa bahari ukianza kuwa mkali. Watu wanasema Durban haina baridi. Hao watu hawana goti langu.

Kigoda: weka kiwiko sakafuni, simamisha mkono. Kinafika kwenye kiganja. Cha mkono wangu, siyo wako, wewe una mikono mirefu kama ya babu yako. Kwa nini unataka kujua? Na kile chuma ulichokizungushia alama nyekundu ni nini? Jiko halipashwi joto, bwana. Jiko ndilo linalopasha watu. Kama jiko lenu ni la baridi, hampiki. Na kama hampiki, mnakula nini?

Jibu kwa mkono, kwenye karatasi. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, herufi nilifundishwa ukubwani na mama mmoja wa kanisa kwenye kitabu cha nyimbo, na bado najaza ukurasa. Wewe uliyesoma unatuma mstari mmoja. Tina wa saluni ya chini atapiga picha barua hii aitume kwenye simu yako. Tina, kama unasoma, ishia kwenye salamu.

Mke wako wa kwanza,
Bibi


Liège
Tarehe 18 Mei 2025

Bibi yangu,

Umeamkaje, na goti limeamkaje? Sisi tuko wazima. Akimana anakusalimu, anasema hajui ulivumilia vipi kukoroma kwangu miaka yote hiyo.

Nisamehe kwa ule ujumbe. Nilikuwa nimesimama dukani, muuzaji ananitazama, nikaandika harakaharaka.

Sasa nieleze vizuri. Hiki chuma wanakiita radiata. Ndani yake maji ya moto yanazunguka, kinatoa joto, chumba kinakaliwa. Bila hiyo hapa Ubelgiji huwezi. Mwezi wa kwanza nilikuta mafuta ya kula yameganda kwenye chupa, juu ya meza yangu. Tunapika, Bibi, tunapika kila siku, lakini ukizima moto baridi inarudi kabla hujaosha sahani.

Shida ni kwamba jiko letu ni jembamba na halina ukuta. Ukiingia mlangoni, kulia ni makabati, sinki na jiko la gesi hadi mwisho. Kushoto ni friji, kisha ngazi ya kwenda stoo imekula sehemu yote iliyobaki. Mbele yako ni dirisha. Kando ya mlango, ukutani humohumo, kuna kipande cha shubiri mbili na kidogo ambacho hakifai kitu, mlango ukifunguka unakifunika.

Fundi wangu ni Anatole, Mrundi, mtu mtaratibu. Amepima urefu, upana, kimo na kioo cha dirisha, akasema chumba hiki kinataka joto la kiasi gani. Ananipa njia tatu. Ya kwanza, radiata fupi na pana, chini ya dirisha. Ya pili, sanduku la feni linalofichwa chini ya makabati, linapuliza hewa ya moto miguuni, halili ukuta kabisa. Ya tatu, radiata ndefu nyembamba inayosimama kama mtu. Anatole anataka la feni. Mimi nataka fupi ya dirishani. Mtu ataweka kigoda mbele yake, magoti yatapata joto, macho yataangalia barabara.

Wewe unasemaje?

Mjukuu wako,
Elysée


South Beach, Durban
Tarehe 1 Juni 2025

Mume wangu,

Nimesoma barua yako mara nne, na mara ya nne nikacheka peke yangu mpaka majani ya sombe yakaanza kushika chini ya sufuria. Mimi ni mzima sana. Goti lenyewe leo limenyamaza.

Unafikiri sikuelewa? Wewe unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Akimana anatoka saa moja. Mnarudi giza limeingia. Huyo "mtu" atakayekaa mbele ya dirisha magoti yake yakipata joto saa nne asubuhi ni nani? Friji?

Akimana ana mimba. Usinidanganye. Nimezaa saba, nimepokea watoto wa watu nisiowahesabu, mwanamume akianza kupima joto la jiko najua kimeshatokea nini. Hongera. Mmenificha kwa sababu ya adabu au kwa sababu mnafikiri nitaongea? Nitaongea. Nimeshamwambia Colette.

Sasa sikiliza. Lile sanduku la feni liondoe kabisa kichwani. Mtoto anatambaa sakafuni, na sanduku linampulizia vumbi la chini ya makabati usoni. Na unga wa fufu je? Siku utakayomwaga unga, jiko zima litakuwa na mvi. Huyo Anatole mtaratibu ana watoto? Muulize.

Mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto, siku arobaini, chumba kikiwa na joto, mlango umefungwa. Bafu zenu za huko nimeziona kwenye picha, mtu hawezi kuinama. Itakuwa jikoni. Basi mnunue beseni pana, la bati, siyo plastiki. Vitenge vya kumbebea nimevitafuta Isipingo jana, pale pembeni ya stendi ya teksi ninapouza sombe yangu Jumamosi. Nimepata viwili vizuri. Yule mwenye duka alitaka kunipa cha rangi iliyochujuka, nikamwambia mjukuu wangu hazaliwi kwenye rangi hiyo.

Nijibu haraka. Silali vizuri kwa furaha, nageukageuka tu kitandani.

Bibi yenu wote watatu


Liège
Tarehe 8 Juni 2025

Bibi,

Salamu nyingi, na nyingine nyingi juu yake, maana najua nitakukwaza.

Hakuna mimba. Akimana amecheka, halafu akaingia chumbani akakaa muda. Vitenge viweke, siku moja vitapata mwenyewe.

Huyo mtu ni wewe.

Zile karatasi ulizoweka saini mwaka jana ukasema "andikeni tu, hazitajibiwa" zimejibiwa. Serikali ya huku imekubali uje kuishi na sisi. Nilitaka jiko likamilike kwanza ndipo nikuambie, kwa sababu najua hutakaa sebuleni. Utakaa jikoni na kigoda chako na utatuamuru kutoka pale.

Tiketi ni ya tarehe 14 Septemba. Mke wa rafiki yangu Nzeyimana anasafiri kutoka Durban siku hiyohiyo, atakuwa na wewe njia nzima, atakushika mkono mpaka nikupokee.

Na jambo jingine. Tina ameniambia habari ya kliniki. Ameniambia watu walisimama getini wakakuuliza kitambulisho, ukatoa karatasi yako ya ukimbizi, wakakuambia rudi kwenu, na ukarudi nyumbani kwa miguu bila dawa ya presha. Ameniambia ni mara ya pili. Kwenye barua mbili umeniandikia goti tu.

Radiata ya dirishani imeshafika. Anatole ameanza kutoboa sehemu ya mabomba.

Elysée wako


Liège
Tarehe 6 Julai 2025

Bibi,

Wiki nne sasa. Simu inaita haijibiwi. Tina anasema unapita saluni, unasema "sharp" kama vijana wa huko wanavyoagana na unaendelea. Niambie neno moja tu, hata tusi.

Elysée


South Beach, Durban
Tarehe 20 Julai 2025

Elysée,

Salamu. Niko hai. Dawa ya presha nilipata, mama mmoja wa kanisa, Estella, alinichukulia kwa daktari wake. Kwa hiyo usinizike.

Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu matusi yalikuwa yanatangulia. Nimeyasubiri yapungue. Hayajaisha.

Kwanza, Tina. Nimemwambia saluni ni ya nywele. Alilia, nikamnunulia soda, tumepatana.

Pili, kliniki. Ndiyo, ni kweli. Vijana wawili na mama mmoja wa umri wangu. Yule mama ndiye aliyeniuma. Nilimwambia kwa Kizulu changu cha sokoni, dada, na wewe una presha, naiona shingoni. Akaangalia pembeni. Sikukuandikia kwa sababu ungefanya nini? Ungepanda ndege? Hujapanda miaka sita kwa ajili ya uso wangu, ungepanda kwa vidonge?

Tatu, mmenipangia. Mmepima goti langu, mmepima kigoda changu, mmenitafutia na mtu wa kunishika mkono. Hakuna hata mmoja aliyekaa mbele yangu akaniuliza. Mimi nina Alhamisi yangu ya maombi. Nina wateja wa sombe wanaokataa kununua kwa mwingine. Nina Colette wa kugombana naye. Huko nitagombana na nani, na Anatole?

Tangu barua yako siketi. Nafagia palipofagiwa. Nimehamisha kitanda mara tatu, nimekirudisha. Nimeshuka ufukweni asubuhi, nikafika, nikageuka bila kutazama maji.

Sasa hiyo radiata yako ya dirishani. Nilikuwa nimeapa sitasema kitu, lakini inaniwasha. Umeiweka vibaya. Dirisha linatazamana na mlango, wewe mwenyewe umeandika. Mtu akikaa kupasha magoti joto pale, mgongo wake uko mlangoni.

Mimi sikai hivyo. Wewe ulikua mbele yangu, hukuona? Kanisani nakaa benchi la mwisho. Kwa Tina nakaa kiti cha pembeni ingawa dryer yake ya nywele ni mbovu. Tangu Cato Manor, ule mwaka wa fujo za kufukuza wageni, wewe una miaka kumi na minne. Nilikuwa nimeinamia sufuria ya maharage, mgongo mlangoni, na wewe umekaa mbele yangu unachambua mchele. Sikusikia mlango. Watu wale niliwaona usoni kwako kwanza, ndipo nikageuka.

Kwa hiyo hata kama ningekuja, na sijasema nakuja, hapo dirishani nisingekaa hata siku moja. Ungekuwa umepasha joto sehemu tupu.

Bibi


Liège
Tarehe 10 Agosti 2025

Bibi yangu,

Umeamkaje? Umelala walau?

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni na Anatole amelala chini ya dirisha na bomba mkononi. Nikamwambia, simama, tunatoa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia bibi yangu anakaa akitazama mlango. Nilifikiri atabishana, yeye ni mtu wa vipimo. Aliweka bomba chini akasema, "Mama yangu pia." Akaanza kukunja vifaa.

Tumerudisha ile fupi dukani. Tumebaki na kile kipande kando ya mlango, shubiri mbili na kidogo. Hapo inaingia ile ndefu tu. Anatole alisema ina makosa mawili: joto lake linapanda juu, na mlango ukifunguka unaifunika. La kwanza amelitatua kwa kuishusha mpaka karibu iguse sakafu, na kuchagua yenye mabamba mawili ili magoti yapate haki yake. La pili tulilitatua Jumamosi nzima. Tuling'oa mlango, tukahamisha bawaba upande wa pili, sasa unafungukia kwenye friji. Swichi ya taa nayo ikabidi ihame. Akimana kwa wiki nzima alikuwa anapapasa ukuta mtupu gizani na kunitaja jina vibaya.

Sasa mtu akiweka kigoda pale, magoti yako kwenye chuma na macho yako kwenye mlango. Nilikaa kujaribu. Nilisema dakika mbili. Akimana aliporudi na mifuko ya soko alinikuta bado nipo, akaniuliza nimeajiriwa kulinda nyumba lini.

Nikuambie sasa, maana kwa simu sitaweza.

Unasema uliwaona usoni kwangu. Mimi niliwaona kabla ya hapo. Niliwaona wakivuka uzio wa jirani. Niliwaona wakitembea mpaka kwetu, wanne, mmoja ana kofia ya bluu. Nilikuwa na mchele mkononi. Ningeweza kusema "Bibi." Ni neno fupi. Sikulisema. Nilikutazama umeinama, unaonja chumvi, na sikusema kitu mpaka wakaingia.

Kila mwaka nasema ni kazi. Siyo kazi. Tiketi ya Durban nimenunua mara mbili. Mara zote mbili nimefika uwanja wa ndege na begi, nikarudi nyumbani. Akimana anajua. Nikifikiria kuingia kwako na kukukuta umekaa umetazama mlango, najua kwa nini umekaa hivyo, na najua nani alikufundisha kukaa hivyo.

Njoo, Bibi. Mke wa Nzeyimana ni mtu mzuri. Hapa nitakulinda vizuri zaidi.

Elysée


South Beach, Durban
Tarehe 24 Agosti 2025

Mume wangu mdogo,

Nimeamka vizuri. Na wewe uamke vizuri, maana nakuandikia mambo mazito na sitaki uyasome ukiwa umesimama. Kaa.

Nilijua.

Eish, mtoto huyu. Miaka kumi na saba umebeba kitu kama hicho ukafikiri mimi sikijui? Mikono yako ilikuwa imeacha kuchambua mchele. Muda mrefu. Nilisikia mchele umenyamaza, nikajiambia mvivu huyu anaota. Kama kuna mtu aliyelala siku ile ni mimi, mtu mzima, niliyekaa vibaya kwenye mtaa ambao tangu asubuhi watu walikuwa wanafunga maduka.

Na nikuulize. Kama ungesema "Bibi", mimi ningefanya nini? Unanijua. Ningegeuka na mwiko mkononi na mdomo wazi. Ningemtukana wa kwanza na mama yake. Jirani yetu aliyepiga kelele, unakumbuka walimfanya nini, na mpaka leo anatembelea fimbo. Sisi walichukua redio, godoro na sufuria yenye maharage yakiwa bado magumu, wakaenda nayo. Nilitamani waumwe tumbo, na naamini waliumwa. Wewe ulibaki na mchele wako mkononi na mimi nikabaki na miguu yangu. Kunyamaza kwako ndiko kulikotuokoa. Nilikuwa nimekaa nikidhani unalijua hilo. Nilipaswa kukuambia na sikukuambia, kwa sababu kila ikija mada ile nilikuwa nakutuma dukani. Hilo ni kosa langu, lichukue ulirudishe kwangu.

Tangu barua yako ilipofika nimezunguka meza hii mpaka Tina akapanda kuuliza kama nahamisha samani. Sasa nimekaa.

Kipande hicho cha ukuta ni kizuri. Kile mlichofanya kwenye mlango, wewe na Anatole, nimemweleza Colette mara mbili, na mara ya pili yeye mwenyewe aliomba. Mwambie Anatole Mungu ambariki, na mama yake ambariki. Nitakuja kukaa hapo. Nimesema, na sirudii.

Lakini sitakuja na mke wa Nzeyimana. Bibi haagizwi kama mzigo wa dagaa, apewe mtu ambebe, apokelewe upande wa pili. Bibi anafuatwa. Babu yako alipotaka mama yake ahamie kwetu Uvira, kule Kongo, alitembea siku mbili, akalala kwake, akala chakula chake, akaomba, akakataliwa, akaomba tena, ndipo akambebea mkeka wake. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyotolewa nyumbani kwake. Nyinyi mlifikiri karatasi inatosha. Karatasi ni ya wale wa uwanja wa ndege, siyo yangu.

Kwa hiyo badilisha hiyo tiketi ya Septemba, uje unifuate mwenyewe. Mwambie mkubwa wako wa kazi bibi yako anakuita, akikataa nipe namba yake. Ukifika uwanja wa ndege wa huko na miguu ikagoma, Akimana akusukume, nimeshamwandikia barua yake peke yake na amekubali. Usiniandikie tena kabla hujafika.

Teksi ikuteremshe kwenye robot ya kona, kwenye taa za barabarani, pale pale pa zamani. Usibishe hodi, mlango utaukuta umerudishiwa tu, sukuma. Nitakuwa nimeweka vigoda viwili. Chukua kile kilichoupa mlango mgongo. Mimi nitakaa mbele yako. Nitakupakulia fufu na sombe na samaki, na wewe utakula mpaka sahani iwe nyeupe. Ukisikia hatua kwenye korido, usigeuke. Ukisikia lifti, usigeuke. Hata mtu akiingia, wewe endelea kula. Mlango ni kazi yangu. Ukitaka kujua kuna nani, angalia uso wangu.

Bibi yako